Kirivu Hajagusa Chai

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Helikopta tangu alfajiri. Imezunguka mlima, kisha mizinga, kisha moshi. Tumepukuta jozi mitini hivyo hivyo, mimi na mama, maana jozi hazingoji vita viishe. Kila ilipopita juu yetu mama alijifunika kikapu kichwani. Kikapu! Nikamwambia, mama, hicho hakizuii risasi. Akasema, "Na huo ulimi wako je, umeshazuia nini?"

Adhuhuri kapteni akaja na magari yake. Wanaume wote wakaitwa mbele ya msikiti, sisi wanawake tukasikiliza kutoka juu ya mapaa. Maneno ni yale yale: kila nyumba ishike bunduki ya serikali na iwe mgambo, ama kijiji kihame kabla ya theluji. Na wapiganaji wa mlimani nao walishasema yao: atakayeishika hiyo bunduki ajichimbie kaburi mapema. Jumbe Zubeyr akauliza kwa unyenyekevu kama kuna njia ya tatu. Kapteni akacheka. Ipo, akasema, inakwenda mji wa Diyarbakır, na ni ndefu kwa miguu.

Seydo alikuwa pembeni yake, ndiye mkalimani wa Kituruki. Ni mkuu wa mgambo wa kijiji cha Girêmêw, ng'ambo ya mto. Na ni kirivu wetu, ndugu wa tohara. Kaka yangu Ferzende alitahiriwa amekaa mapajani pa Seydo, damu ikamdondokea kwenye nguo, na tangu siku ile nyumba zetu mbili ni kitu kimoja. Ni zaidi ya udugu wa kuchanjiana. Hatupigani, hatumwagiani damu, na watoto wetu hawaoani kwa kuwa ni ndugu.

Lakini Ferzende yuko mlimani na wapiganaji mwaka wa pili sasa. Na Bengîn, mtoto wa pekee wa Seydo, mgambo kama baba yake, alikanyaga bomu kwenye njia ya kinu mwezi wa saba. Tulikwenda msibani. Seydo alipokea mkono wa baba bila kumtazama.

Leo baba kamsalimia, "Kirivu, hujambo?" Naye, "Sijambo, kirivu." Basi.

Jumatano, 6 Oktoba

Mizinga tena. Jumbe Zubeyr anafunga mizigo, mkewe anaifungua. Anasema haendi kufa kwenye ghorofa ya watu. Asubuhi magodoro yalikuwa uani, mchana yamerudi ndani, jioni nimeyaona tena uani. Tulicheka mpaka helikopta ilipopita.

Baba hali chakula. Anasokota ndevu tu.

Alhamisi, 7 Oktoba

Ferzende yupo nyumbani!

Mwandiko wangu mwenyewe siusomi. Nilikwenda bandani kuchukua majani ya ng'ombe. Mbwa wetu, anayebweka hata jani likianguka, alikuwa amelala pale juu, kimya, anatikisa mkia. Nikadhani kalishwa sumu. Nikamsogelea. Mkono ukatoka kwenye majani ukanishika kifundo cha mguu. "Gulo," akasema. Hakuna mwingine anayeniita Gulo, kwa wengine mimi ni Gulîzar. Nilijaza kiganja mdomoni nisipige kelele.

Ni ile helikopta ya Jumatatu. Kipande cha chuma kimeingia juu ya goti. Ametambaa usiku, mchana amejificha kwenye mashimo. Wenzake hajui waliko. Mguu umevimba hadi suruali imekatwa kwa kisu.

Mama hakulia. Aliuma ncha ya mtandio wake, akamtazama, kisha akampiga kofi! Kofi la haki. "Miaka yote hiyo hata salamu!" Halafu akalibusu shavu lile lile alilolipiga.

Baba amesema asijue mtu, hata jumbe. Hospitali ya mjini haitibu jeraha la risasi wala la bomu mpaka polisi waje kwanza. Dawa ya vidonda haipiti kizuizi cha jeshi barabarani, na unga wenyewe tunapimiwa. Mama anaosha kwa maji ya chumvi na kufunga vitunguu vilivyochomwa. Ferzende anauma kamba ya punda ili asitoe sauti.

Nilimkumbuka mrefu. Sasa ni mwepesi, nimembeba mimi na baba tu.

Ninaogopa hata kupumua. Nikisikia mlango wa jirani naruka.

Ijumaa, 8 Oktoba

Askari wamekuja. Wamepekua. Wameondoka. Niandike kabla sijaanza kudhani nimeota.

Mbwa alitutahadharisha, wakiwa bado kwenye kisima. Tanuri letu ni shimo la udongo ndani ya ardhi, kama la kila nyumba hapa. Lilikuwa limepoa. Baba na mama wakamtumbukiza Ferzende humo, amejikunja, goti bovu juu. Wakafunika kwa kifuniko. Mama akaweka karai la kinyunga juu ya kifuniko, akapiga magoti, akaanza kukanda.

Bandani walichoma majani kwa vyuma virefu. Kila chuma kilichoingia nilikisikia tumboni. Kisha wakaja tanurini. Askari mmoja, kijana, uso wa mtu mwenye njaa. Akanusa unga, akasema kwa Kituruki, "Mwambie mama awashe, leo tule mkate wa moto."

Mkalimani ni Seydo. Alisimama mlangoni, bunduki begani. Akamgeukia mama, akamwambia kwa lugha yetu: kirivu, wanataka uwashe tanuri.

Mama hakuacha kukanda. Sijui ile sauti aliitoa wapi. "Waambie limepasuka. Nimelikandika udongo mpya, haujakauka."

Seydo alikitazama kifuniko. Akamtazama mama. Akakitazama tena kifuniko. Mle ndani mlinuka vitunguu vya kuchoma, na chini ya vitunguu kulinuka kile kitu kingine. Mtu mzima aliyewahi kuona vidonda anakijua.

Akamwambia askari, kwa Kituruki, "Anasema nyumba hii ina msiba, hawawashi tanuri. Wanamlilia mwanangu."

Askari akashusha macho. Akasema poleni. Wakatoka!

Seydo alibaki nyuma. Akamwambia mama, "Kanda vizuri, kirivu. Unga siku hizi wa shida." Akaenda zake.

Mama hajui Kituruki, sisi tuliokwenda shule ndio tunaokijua. Alikuwa anamshukuru Mungu kwamba uongo wake wa udongo umekubalika. Ikabidi nimweleze mimi. Uso wake ulibadilika rangi kama ule unga.

Anajua. Seydo anajua.

Jumamosi, 9 Oktoba

Wamegombana tangu asubuhi kwa kunong'ona. Ugomvi wa kunong'ona ni mbaya kuliko wa kelele.

Baba anasema: Seydo ametusitiri mbele ya askari, nini zaidi? Ana pikapu. Kizuizini wanampigia saluti, hawamfungulii hata turubai. Na mjini ana binamu tabibu. Niende nimwombe. Kirivu hakatai.

Mama anasema: Amemsitiri ili amle mwenyewe. Temo, huyo ni mtu aliyezika mwanawe wa pekee! Unamletea mkononi mtu wa upande uliomwua, halafu unasema hakatai?

"Mtoto yule alitahiriwa mapajani pake."

"Na wake alizikwa vipande!"

Baba akatoka nje. Mama akamtupia kiatu, kikampata mbwa.

Mchana nilikaa na Ferzende. Homa imepanda, anaweweseka. Mara anawaita wenzake, mara anaomba mtindi, mara anaimba wimbo wa harusi. Nikawa namkanda kwa maji. Ndipo akasema, wazi kabisa, macho yamefunguka lakini hayanioni:

"Niliwaonyesha kona. Kona ya kinu. Niliwaambia magari ya jeshi hupunguza mwendo pale. Sikujua atapita yeye kwa miguu. Bengîn, mjinga we, ulikuwa na gari, kwa nini ulipita kwa miguu?"

Akalia. Kisha akarudi kwenye wimbo wa harusi.

Nilikuwa peke yangu. Hakuna aliyesikia ila mimi na ng'ombe.

Mimi najua kwa nini Bengîn alipita kwa miguu. Tulikuwa tunasaga ngano siku ile, na alizoea kupita kinuni tukiwa pale. Anasimama, anamtania mama, ananipa mimi zabibu kavu bila kunitazama, anaondoka. Gari kijiji kizima kingelisikia.

Nilimpenda. Basi, nimeandika. Haramu, mtoto wa kirivu ni ndugu, ukimtamani ni kama umemtamani kaka yako wa tumbo moja. Sikumwambia. Hata yeye sijui kama alijua. Nilimlilia kama dada, na watu wakanisifu kwamba najua wajibu.

Na leo nimeendelea kumkanda Ferzende kwa maji. Mkono ulikuwa wangu, lakini sikuusikia. Nilimchukia, na papo hapo nikawa naomba asife. Sijui moyo mmoja unabebaje vyote viwili.

Jumapili, 10 Oktoba

Baba amekwenda Girêmêw na nyumbu, gunia la jozi kama kisingizio. Mama hakumuaga.

Sijamwambia mtu. Nilitaka kumwambia baba asiende. Nilimfuata mpaka kisimani. Akageuka, akaniuliza, "Nini, mwanangu?" Nikasema, baba, funga vizuri hilo gunia. Ningesema nini? Kwamba mwanao ndiye aliyeonyesha kona? Angekufa pale pale kisimani. Na asipokwenda Ferzende anakufa. Mguu umeanza kuwa mweusi chini ya goti.

Jioni. Amerudi. Seydo alimpokea, akamkalisha, akamlisha. Baba alimweleza yote bila kuficha. Seydo alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu: "Kesho nitakuja kunywa chai kwako."

Baba anaona ni habari njema. Mama anauliza, alilisema akiwa anakutazama au anatazama chini? Baba anasema hakumbuki. Mama akasema, "Umeishi na watu miaka hamsini, hujui hata kutazama jicho!"

Hakuna anayelala. Ferzende hanijui tena, leo kaniita kwa jina la bibi.

Jumatatu, 11 Oktoba

Asubuhi. Tumefagia. Mama ametoa bilauri za harusi yake na sukari ya vipande aliyoificha hata sisi tusijue. Kavunja moja. Anasema bilauri ikivunjika imeondoka na balaa.

Nimemvusha Ferzende kutoka bandani hadi chumba cha ndani, nimemwegemeza kwa mito. Mgeni asimkute mwenye nyumba kwenye majani, kasema baba. Jumbe Zubeyr anafunga mizigo kwa mara ya ngapi sijui, magari ya jeshi yameonekana darajani.

Pikapu hiyo. Naisikia.

Baadaye. Niko nyuma ya nyumba na birika la udhu. Wananisubiri. Nisipoandika nitapiga kelele.

Amekuja peke yake. Bunduki ameiacha garini. Nilichungulia nyuma ya pikapu: magunia ya vitunguu yamepangwa kama kuta pande zote, na katikati kuna godoro. Godoro na blanketi! Nikataka kumbusu mikono. Nikasema moyoni, baba alikuwa sahihi, mama akome na macho yake.

Akaingia, akavua viatu, akakaa. Akamtazama Ferzende kwa muda mrefu. Akamwekea kiganja kipajini kama mtu anavyompima mwanawe. "Anaungua," akasema.

Nikaleta chai. Nikaiweka mbele yake na sukari. Baba akachukua yake. Seydo hakuichukua. Akaisukuma kwa kidole, kidogo tu, mbali naye.

Baba akarudisha bilauri yake chini. Mama akashika mlango. Hapa kila mtu anajua maana yake: mgeni asiyegusa chai amekuja na ombi, na hatakunywa mpaka alipate, na akiondoka bila kunywa, nyumba hizo mbili zimekwisha.

Baba akasema, "Kunywa, kirivu. Utakalo utapata." Ndivyo mtu anavyotakiwa kusema, naye akasema.

Seydo akasema, "Sitaki bunduki ushike. Sitaki mali. Nataka kiapo juu ya Msahafu. Kwamba si mkono wa Ferzende, wala mguu wake, wala ulimi wake, uliomwua Bengîn. Nikikipata, nakunywa chai hii, namlaza kwenye gari langu na kumpitisha kila kizuizi mpaka kwa tabibu. Mwanangu amekufa, huyu atakuwa mwanangu."

Mama akasema haraka, "Na kisipopatikana?"

"Kirivu, Ijumaa nilitafsiri nilivyotafsiri. Nisipokunywa chai hii, watakapokuja tena nitatafsiri neno kwa neno."

Hakupandisha sauti. Laiti angepiga kelele!

Baba akasimama. "Mimi naapa. Leteni Msahafu."

"Kaa, Temo. Wewe hujui kitu, utaapa kwa matumaini."

"Basi mimi," mama akasema.

"Mama huapa chochote. Hata mke wangu angeapa."

"Ferzende mwenyewe—" baba akadakia.

"Mwenye homa hana kiapo."

Kisha akageuza kichwa. Desturi inampa mwenye msiba haki ya kuchagua nani wa nyumba ile aape, na yeye alikuwa ameshachagua tangu nyumbani kwake, nimeliona hilo kwenye macho yake. "Gulîzar," akasema. "Huyu ndiye aliyemuuguza. Homa haifichi kitu. Kama ipo siri, ameisikia. Na Bengîn alikuwa akiniambia, baba, katika nyumba ile yupo mtu mmoja tu asiyejua kusema uongo."

Alimwambia hivyo. Alikuwa ananitaja nyumbani kwao!

Nikasema, "Ami, sina udhu." Sauti yangu niliisikia kwa mbali.

"Katawadhe, mwanangu. Nitangoja."

Baba alinitazama kwa furaha. Kwa furaha! Kwake yeye jambo limekwisha, binti yake ataapa kweli na mwanawe atapona. Mama hakufurahi. Mama anajua kutazama jicho. Amenitazama mara moja, akaelewa yote, na akaketi chini pale pale mlangoni.

Ningeweza kuapa kwamba si mkono. Ni kweli, si mkono wake. Wala mguu. Lakini ametaja ulimi. Kwa nini alitaja ulimi? Labda anajua. Labda anajua yote na anataka tu mtu ambebee. Au anataka nikatae, ili aweze kufanya anachotaka tangu mwezi wa saba bila lawama. Sijui. Nikikataa, Ferzende atatolewa humu akiburutwa miguu, na baba, na pengine nyumba yote. Nikiapa, ninamwambia Seydo usoni kwamba Bengîn hakuuawa na sisi, na Bengîn ananisikia huko aliko.

Kiapo cha uongo hakimdhuru aliyeapa. Kinakula watoto wake. Yule mzee wa kijiji cha juu aliapa uongo kwa ajili ya mpaka wa shamba, akaishi hadi meno yakaisha, na wanawe wote aliwazika yeye. Tumeonyeshwa makaburi yale tangu tukiwa wadogo.

Maji ni ya baridi. Nimeosha uso. Nimeosha mikono hadi viwikoni, weusi wa jozi hautoki. Magari yamevuka daraja, nasikia gia. Ferzende anaimba ndani.

Mama ananiita.

Mungu, mimi sina mtoto, unaona mwenyewe. Basi nisizae. Usinipe hata mmoja, kiapo hiki kisije kikamla.

Ananiita tena. Naja, mama, nafuta miguu—